Fundi mtafute kwa jina la gesi, siyo kwa cheo

SWALI: Mjomba shikamoo. Nina biashara ya samaki na pweza hapa Tanga, nanunua pale Deep Sea nahifadhi kwenye chumba cha baridi halafu napeleka Dar. Mwezi uliopita kompresa ilizima usiku, asubuhi nafungua mlango nakutana na harufu, mzigo wote ndo basi tena. Nikasema sasa naajiri fundi wa kudumu, nikatupia tangazo kwenye magrupu matano ya WhatsApp, jamani nimeletewa CV zaidi ya mia! Kuna mwalimu, kuna dereva bajaji, kuna kijana kamaliza form four juzi anasema yuko tayari kufanya kazi yoyote, mafundi wa kweli nimeona wawili na wote wanajua AC za ofisini tu. Mdogo wangu ananiambia siku hizi waajiri hawasubiri CV, wanawatafuta watu wenyewe kwenye intaneti. Nimeandika Google "fundi friji Tanga" nikaletewa maduka ya friji. Nakosea wapi mjomba?
Mama Pweza, Chumbageni

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole sana, harufu ya pweza aliyelala bila baridi naijua mimi, haitoki ukutani wiki nzima.

Sasa kosa lako ni moja tu, umemtafuta fundi kwa maneno yako wewe. Wewe unamwita fundi friji, lakini yeye akikaa kuandika habari zake haandiki hivyo, anaandika kizungu cha chuoni. Aliyepita chuo cha ufundi cha VETA atajiita "refrigeration technician", aliyefanya hotelini atajiita "HVAC technician", yaani fundi wa mitambo ya joto, hewa na AC, mwingine ataandika "air conditioning and refrigeration" basi kanyamaza. Mtu yule yule majina matatu, ukiandika moja umewakosa wa mawili yaliyobaki. Kwa hiyo unayaandika yote, katikati unaweka neno OR, yaani "au", na hilo OR liwe herufi kubwa zote mbili, mimi niliwahi kuandika kwa herufi ndogo siku nzima nashangaa mbona majibu yanakuja hovyo hovyo, kumbe Google inaliona kama kineno tu cha kupita. Na jina lenye maneno mawili au zaidi unalifunga kwa alama za nukuu ili lisitawanywe. Andika hivi:

"refrigeration technician" OR "HVAC technician" OR "air conditioning and refrigeration" OR "fundi friji" Tanga Tanzania

Hiyo Tanzania usiiache. Kuna mwaka nilikuwa namtafutia jamaa mshonaji mkuu, nikaweka maneno ya ushonaji kwa kizungu nikaongeza Tanga, weee, nikaletewa chupi! Kumbe huko Ulaya tanga ni aina ya chupi za kike, na mjukuu wangu amekaa pembeni anaangalia kioo cha simu. Tangu siku hiyo mji wetu naandika na nchi yake. Na kama kuna kitu kinang'ang'ania kuja na hukitaki, weka alama ya kutoa halafu neno lenyewe bila nafasi katikati, kwa mfano -price itakupunguzia hayo maduka yako ya friji.

Mambo haya ya OR na kutoa wenyewe wanaoajiri wanayaita utafutaji wa bulian, jina limetoka kwa mwanahisabati wa Uingereza, George Boole, aliyefariki 1864, yaani hata simu ya waya ilikuwa bado. Ukilisikia kwenye semina usitishike, ni hayo hayo niliyokwambia hapo juu.

Twende kwenye utamu sasa. Cheo kinadanganya mwanangu, kila mtu anaweza kujiita technician. Usichoweza kubahatisha ni jina la gesi. Aliyekaa na vyumba vya baridi vya samaki kaigusa R404A, na kompresa anazitaja kwa majina, Bitzer, Copeland, kama wewe unavyowajua changu na tasi. Yule wa AC za ofisini kwake utakuta R22 au R410A. Kwa hiyo badala ya kutafuta cheo tafuta kitu alichokishika:

site:tz.linkedin.com/in "cold room" OR R404A OR Bitzer

Hilo neno site na nukta pacha maana yake usinizungushe dunia nzima, niangalizie ndani ya tovuti hii tu. LinkedIn ndiko watu wanakoweka historia zao za kazi, na hiyo tz mwanzoni inakuletea waliojiandikisha kwamba wako Tanzania. Usiache nafasi baada ya nukta pacha, ukiacha imeharibika. Hapa Tanga sijaweka kusudi, maana watoto wetu wengi wako Dar, wako Zanzibar mahotelini, na ukimpata mtu wa Muheza anayelipa kodi ya chumba Mbagala, ukamwambia kuna kazi nyumbani, anaweza kukusikiliza kuliko unavyodhani. Ukitaka hao hasa, ongeza "VETA Tanga", na safari nyingine ujaribu "Tanga RVTSC" kwa sababu chuo chenyewe kwenye karatasi kinaandikwa hivyo na wengi wananakili kama ilivyo kwenye cheti.

Njia nyingine ni kutafuta CV zenyewe zilizoachwa wazi mtandaoni, unaandika filetype:pdf halafu "curriculum vitae" refrigeration Tanzania, na unatoa -sample na -template la sivyo utaletewa mifano ya CV mpaka bando liishe. Zipo, ila nyingi za zamani. Niliwahi kumpigia fundi mmoja niliyemwona kwenye PDF, CV inang'aa kabisa, akapokea mama mmoja yuko sokoni, kelele tupu, ananiambia hii laini nimeinunua mwaka jana na wewe ni mtu wa tatu kuniulizia mambo ya jenereta. Angalia kazi ya mwisho kwenye CV imeandikwa mwaka gani kabla hujatia vocha.

Na nikwambie ukweli, mafundi wazuri wa mji huu wengi hawamo LinkedIn, hawana muda huo. Hao wako Facebook na Instagram wanaposti picha kompresa imefunguliwa, ukurasa umeandikwa "fundi friza" au "fridge na AC" na namba ya simu. Huko ndani ya Facebook hizo OR na alama za kutoa usizitegemee, andika neno moja moja, badilisha tahajia, friji, fridge, friza, jokofu (hili jokofu sijawahi kumsikia fundi analitamka, ila andika hivyo hivyo). Angalia na Google Maps, vuta ramani mpaka Ngamiani, andika fridge repair, soma maoni ya wateja. Mteja akiandika "alikuja saa nane usiku" huyo ndiye unayemtaka wewe, friji lako halizimi mchana.

Ukishampata usimvamie na simu ya saa sita usiku wala usimpigie ofisini kwake bosi akasikia. Mtumie ujumbe mfupi: wewe nani, namba yake umeitoa wapi, kazi gani, mshahara kuanzia ngapi. Mshahara uandike tu mwanangu, mtu ana kazi yake, hawezi kuja Chumbageni kuambiwa "tutaongea". Na hizo CV usizirundike kwenye simu wala kuzirusha kwenye grupu la wafanyabiashara wenzio eti na wao wachague, ile Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 imeanza kutumika tangu Mei 2023, na taarifa za mtu ulizochukua kwa kazi fulani ni za kazi hiyo. Wasiofaa futa. Hata zile mia za WhatsApp futa.

Akikubali kuja, mpeleke kwenye chumba chako, mwambie asikilize tu mashine. Fundi wa kweli hatakuuliza mshahara kwanza, atakuuliza umeiwekea gesi lini mara ya mwisho, na nani.

SWALI: Mjomba habari. Mimi niko upande wa pili, natafuta kazi mwaka wa pili sasa, nina diploma ya uhasibu. Nasikia waajiri wanatutafuta wenyewe, mbona mimi sitafutwi?
Kijana wa Makorora

JIBU: Nzuri kaka. Nimeangalia huo ukurasa wako wa LinkedIn ulionitumia, pale juu kwenye cheo umeandika "Hardworking, Visionary, Future CEO". Sasa niambie ni mwajiri gani wa Tanga anakaa kwenye kompyuta anaandika visionary? Anaandika accountant, anaandika "accounts assistant", anaandika QuickBooks au Tally zile programu za hesabu, anaandika TRA, VAT, EFD. Kama mashine ya EFD umeitumia dukani kwa mjomba wako basi iandike, hiyo ni kazi. Mji pia hujaweka popote, umeandika Tanzania tu, mtu wa hapa akiongeza neno Tanga kwenye utafutaji wake wewe humo.

Halafu ile CV uliyonitumia ni picha umeipiga kwa simu, kidole kinaonekana pembeni. Picha kama ile mwajiri akitafuta neno kwenye kompyuta yake haimjii. Iandike kwenye Word, ihifadhi PDF, na faili lenyewe ulipe jina lako na kazi yako, siyo "CV mpya mpya final 2". Namba ya NIDA na jina la baba mdhamini vitoe, hiyo karatasi ikizagaa mtandaoni utajuta. Ukishapata usajili wa NBAA, ile bodi ya wahasibu, kwa ngazi uliyofikia uandike kwa herufi zile zile wanazozitumia bodi, maana mwajiri anayejua kazi yake anatafuta kwa hizo.

SWALI: Mjomba, kabla sijamwita mtu kwenye usaili napitia Facebook yake nione anaishije, ameolewa au la, dini gani, kama ni mjamzito. Kuna ubaya?
Mwenye lodge, Pangani

JIBU: Upo, tena mkubwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 imekataza ubaguzi wa dini, kabila, jinsia, ujauzito, ndoa, ulemavu na mengine, na anayeomba kazi naye kahesabiwa humo humo, siyo aliyeajiriwa peke yake. Unamtafutia nini mtu wa mapokezi kwenye picha za harusi ya dada yake? Angalia kama anajua kupokea simu. Mpigie leo jioni uone anavyoipokea.