Maswali na Majibu: Unaiti wa Kanisa na Nishani za Kifalme, Upi wa Kweli?

Mwezi huu tumekusanya barua zinazohusu mashirika ya manaiti wa Kikatoliki (naiti ni mtu aliyepewa cheo cha heshima, kwa Kiingereza knight) na nishani zinazotolewa na koo za kifalme. Tunazijibu kwa pamoja, maana nyingi zinazunguka jambo moja: nani hasa ana mamlaka ya kumpa mtu heshima hiyo, na mamlaka hayo aliyapata wapi.

Swali: Nimeandikiwa barua pepe nikialikwa kuwa naiti wa shirika linalojiita la Kikatoliki. Wanataka ada kabla ya siku ya kuvishwa joho. Barua ina nembo ya funguo mbili kama ile ya Papa, na wameambatanisha baraka ya Papa. Nitajuaje kama ni la kweli?

Jibu: Usilipe kwanza. Anza na orodha, nayo ni fupi. Tarehe 16 Oktoba 2012 Sekretarieti ya Vatikani ilitoa tamko lililotaja mashirika ambayo Kiti Kitakatifu, yaani mamlaka ya Papa na ofisi zake, kinayatambua. Matano ni ya Papa mwenyewe: Shirika Kuu la Kristo, la Spuri ya Dhahabu, la Pio IX, la Mtakatifu Gregori Mkuu na la Papa Mtakatifu Silvesta. Mawili yana uhai wao wenyewe: Shirika la Kijeshi la Malta na Shirika la Kaburi Takatifu la Yerusalemu. Jumla ni saba. Kuhusu mengine yote, yawe yameanzishwa juzi au yanadai mizizi ya Zama za Kati, tamko lilisema kwamba Kiti Kitakatifu hakithibitishi uhalali wao wa kihistoria wala wa kisheria, na kwamba vyeti na alama zao havina thamani yoyote mbele yake. Vatikani ilikuwa imeshatoa maonyo ya namna hii tangu miaka ya 1930, jambo linaloonyesha jinsi tatizo lilivyo sugu.

Baada ya orodha, soma jina la shirika neno kwa neno. Waigaji hawabuni jina geni kabisa. Huchukua jina linalojulikana na kulibadilisha kidogo. Kisha angalia nani anasaini cheti na kwa cheo gani. Mkuu asiyeeleza ni nani aliyemteua au kumchagua, au anayejiita mwana wa mfalme wa nchi ambayo huipati katika historia, amekwisha kukujibu. Hatimaye peleka nakala ya barua kwa kansela wa jimbo lako, yaani mtunza hati za askofu, na uombe jibu la maandishi.

Njia ya kuingia nayo inasema mengi. Nishani za Papa haziombwi na mhusika. Paroko au mtu mwingine humpendekeza kwa askofu, askofu hupeleka jina kupitia kwa balozi wa Papa, na uamuzi hutoka Roma. Anayekutumia fomu ya kujiombea nishani ya Mtakatifu Gregori anakudanganya. Katika Shirika la Kaburi Takatifu mtu huingia kupitia tawi la nchi au eneo lake, akiwa na ushuhuda wa paroko na ridhaa ya viongozi wa Kanisa mahali anapoishi. Malta nayo huwapokea watu kupitia vyama vyake vya kitaifa, baada ya muda wa maandalizi na utumishi kwa wagonjwa na maskini.

Fedha peke yake haithibitishi utapeli. Shirika la Kaburi Takatifu linawataka wanachama wachangie, kwa sababu ndilo linalobeba sehemu kubwa ya gharama za Upatriarki wa Kilatini wa Yerusalemu, yaani jimbo la Kikatoliki la Nchi Takatifu, pamoja na shule na parokia zake. Kinachopaswa kukushtua ni ada inayopanda kulingana na cheo: kiasi hiki uwe naiti, mara mbili uwe kamanda, mara tano uwe na msalaba mkubwa.

Ile baraka ya Papa haithibitishi lolote. Karatasi ya baraka ya kitume hutolewa na Ofisi ya Sadaka ya Papa kwa Mkatoliki yeyote anayetimiza masharti ya kawaida, kwa mfano siku ya ndoa au jubilei. Picha na Papa kwenye katekesi ya Jumatano ni hivyo hivyo. Kusajiliwa kama asasi isiyo ya kiserikali, kumiliki alama ya biashara, hata kuwa na hadhi ya ushauri kwenye Baraza la Uchumi na Jamii la Umoja wa Mataifa, kunaonyesha kwamba kuna chama. Hakuonyeshi kwamba chama hicho kinaweza kumfanya mtu naiti.

Swali: Lakini niliona askofu akiongoza ibada ya kuwavisha manaiti majoho, tena kanisani. Askofu anaweza kukosea?

Jibu: Anaweza kuombwa kanisa na wageni wenye maneno matamu asijue undani wao. Ndiyo maana tamko la 2012 liligusa suala hili waziwazi: kutumia makanisa na vikanisa kwa sherehe hizo haifai.

Upo utata mwingine unaowachanganya hata watu makini. Kwa Sheria za Kanisa, waamini wana haki ya kuunda vyama (kanuni ya 298 na kuendelea), na askofu anaweza kukipa chama utambulisho ndani ya jimbo lake. Kanuni ya 300 inakataza chama kujiita cha Kikatoliki bila ridhaa ya mamlaka husika. Kwa hiyo kundi linaweza kuwa na barua halali ya askofu, likawa chama cha waamini kinachosali na kusaidia wagonjwa, na bado lisiwe shirika la manaiti. Barua ya askofu huunda chama, haiumbi unaiti. Omba uisome barua yenyewe. Mara nyingi utakuta haitaji neno hilo popote.

Swali: Kuna wana wa mfalme wawili, mmoja wa ukoo wa Hispania na mwingine anayejiita Duki wa Castro, na kila mmoja anasema ndiye mkuu wa Shirika la Konstantini la Mtakatifu Joji. Yupi ana haki?

Jibu: Hili ndilo shauri gumu kuliko yote tuliyoulizwa, na tofauti na utapeli wa barua pepe, hapa pande zote mbili zina hoja nzito.

Tuanze na shirika. Hadithi ya kwamba liliasisiwa na Kaisari Konstantini ni ngano. Kihistoria linaonekana katika karne ya 16 mikononi mwa familia ya Angeli, iliyodai damu ya makaisari wa Bizanti, yaani Roma ya Mashariki. Mwishoni mwa karne ya 17 familia hiyo ilimkabidhi Francesco Farnese, mtawala wa Parma, na Papa Inosenti XII akathibitisha. Mwaka 1731 urithi wa Farnese ulimwangukia Carlos wa Bourbon kupitia mama yake, naye baadaye akawa mfalme wa Napoli na Sisilia. Shika jambo hili: shirika lilikuja kwa urithi wa familia, halikutokana na taji la Napoli.

Mwaka 1759 Carlos alirithi Hispania. Ili mataji mawili yasikae kichwani kimoja, alitoa amri ya kuyatenganisha, akamwachia mwanawe Ferdinando yale ya Italia. Ufalme wa Sisilia Mbili (jina la baadaye la Napoli na Sisilia) ulipomezwa na Italia iliyoungana mwaka 1861, ukoo ulibaki na shirika lake.

Ugomvi ulipandwa mwaka 1900. Carlo, mdogo wa mrithi Ferdinando Pio, alikuwa anataka kumwoa María de las Mercedes, ambaye wakati huo ndiye aliyekuwa anafuata kurithi Hispania. Tarehe 14 Desemba 1900, mjini Cannes, alisaini hati ya kuachia urithi wa taji la Sisilia Mbili, yeye na kizazi chake, kwa kutekeleza ile amri ya 1759. Hakuna aliyejali sana hadi Januari 1960, Ferdinando Pio alipofariki bila kuacha mwana wa kiume. Alfonso, mwana wa Carlo, akadai ukuu; huu ndio upande wa Hispania. Ranieri, mdogo wa Carlo, naye akadai, na ndiye aliyejulikana kama Duki wa Castro.

Upande wa Castro unasema hati ni hati: Carlo aliachia kila kitu. Upande wa pili unajibu kwamba amri ya 1759 ilizuia mataji mawili kuungana, na hayakuungana: Mercedes alifariki mwaka 1904, Mfalme Alfonso XIII wa Hispania akapata mwana mwaka 1907, sharti likafa. Wanaongeza kwamba hati ilitaja taji, wakati shirika ni urithi wa Farnese usiofungamana na taji. Kwa maoni yetu hoja hii ya mwisho ndiyo yenye nguvu zaidi, ingawa mapenzi ya Ferdinando Pio mwenyewe yalielemea kwa Ranieri, na huo si ushahidi wa kupuuzwa. Katika miaka ya 1980 vyombo vya dola ya Hispania viliunga mkono ukoo wa Alfonso. Italia imekuwa ikiruhusu raia wake kuvaa nishani za pande zote mbili. Pande hizo zilipatana Januari 2014, lakini mwaka 2016 Duki wa Castro alibadilisha kanuni ya urithi ili binti yake mkubwa amrithi, na mapatano yakavunjika.

Anayealikwa na upande wowote hapaswi kuogopa kwamba ametapeliwa. Ila ajue kwamba anachagua upande, na kwamba shirika hili, kwa ukongwe wake wote, halimo katika yale saba ya tamko la 2012. Ni shirika la ukoo. Inawezekana pia matawi mawili yakaishi bila vita: Shirika la Manyoya ya Dhahabu, lililoanzishwa Bruges mwaka 1430, liligawanyika baada ya Carlos II wa Hispania kufariki mwaka 1700, na hadi leo lipo la mfalme wa Hispania na lipo la ukoo wa Habsburg.

Swali: Shirika la Malta halina nchi. Linajiitaje huru? Na wale wanaosema wametokana na Malta ya Urusi?

Jibu: Papa Paskali II alilithibitisha mwaka 1113 kama shirika la hospitali ya Yerusalemu. Lilitawala Rhodes hadi 1522, kisha Malta kuanzia 1530 hadi Napoleon alipokiteka kisiwa mwaka 1798. Tangu 1834 makao yake yako Roma. Lilipoteza ardhi, halikupoteza nafsi yake katika sheria ya kimataifa: lina uhusiano wa kibalozi na nchi zaidi ya 100, na tangu 1994 ni mtazamaji kwenye Umoja wa Mataifa. Uhuru huo una mpaka wake, kwa kuwa ni shirika la kitawa pia. Mahakama ya makardinali ililieleza hilo mwaka 1953, na katiba mpya iliyotangazwa na Papa Fransisko tarehe 3 Septemba 2022 ililikazia.

Ama Urusi, baada ya Malta kuanguka baadhi ya manaiti walimchagua Tsar Paulo I kuwa mkuu wao. Hakuwa Mkatoliki, alikuwa na mke, na Papa hakumthibitisha. Aliuawa mwaka 1801, mrithi wake hakuung'ang'ania ukuu huo, na mwaka 1803 Papa Pio VII akamteua Giovanni Battista Tommasi. Makundi yanayodai kuendeleza tawi la Paulo yalijitokeza baadaye sana, na bado hatujaona hati inayoziba pengo hilo. Yasichanganywe na mashirika ya Mtakatifu Yohane ya Kiprotestanti ya Ujerumani, Uholanzi, Sweden na Uingereza, ambayo ni halali chini ya mamlaka ya nchi zao na yanaelewana vizuri na Malta.

Swali: Manaiti wa Hekalu wa leo, je?

Jibu: Papa Klementi V alilifuta shirika hilo la Zama za Kati (kwa Kiingereza Templars) tarehe 22 Machi 1312, na mali zake nyingi zikapewa Wahospitali, ndio hao wa Malta. Ureno ziliundiwa Shirika la Kristo mwaka 1319. Makundi ya leo ni vyama vya watu binafsi.

Swali: Mfalme aliyepinduliwa anaweza kuanzisha nishani mpya? Na mimi niliyekwisha kuvishwa na kundi lisilotambuliwa, nifanyeje?

Jibu: Kanuni inayokubalika na wengi ni kwamba ukoo uliowahi kutawala hubaki na mashirika yake ya kurithi, lakini hauna tena uwezo wa kuanzisha jipya. Nishani za dola hufuata dola, na jamhuri inaweza kuzifuta. Kuna tume ya kimataifa ya mashirika ya manaiti, iliyotokana na kongamano la Stockholm la mwaka 1960, ambayo huchapisha rejista. Inasaidia kama mwongozo. Ni chombo binafsi, haifungi serikali wala Kanisa.

Kwako wewe, tazama sheria ya nchi yako. Italia, kwa mfano, ina sheria namba 178 ya 3 Machi 1951: kifungu cha 7 kinamtaka raia apate kibali kabla ya kutumia nishani ya nje, na kifungu cha 8 kinamtishia kifungo cha miezi sita hadi miaka miwili mtu binafsi au chama kinachogawa nishani. Nchi nyingine hazijali kabisa.

Kuvishwa kwa nia njema si dhambi. Acha kuvaa joho na msalaba wao kanisani, ondoa cheo kwenye wasifu na kadi zako, kisha andika barua fupi ya kujitoa ukitaka jina lako lifutwe. Mjulishe paroko, maana huenda wanawazungukia waamini wengine. Kama walikuambia kwamba Vatikani inawatambua ndipo ukalipa, hilo ni suala la polisi: kusanya risiti, barua pepe zote na majina ya waliosaini. Cheti chao usikichane, kiweke kwenye faili hilo hilo.