Mtoto anayependa hesabu anajiona wapi kwenye hadithi?

Binti yangu alipokuwa na miaka minane alihesabu kila kitu: ngazi, vifungo vya shati, madirisha ya nyumba tulizopita. Kisha akaacha, angalau mbele ya watu. Nilipomdadisi akasema hataki kuwa kama yule mvulana wa kwenye katuni. Nikakaa naye kuitazama. Mvulana hesabu anazijua kweli, lakini hana rafiki hata mmoja, na kila akifungua mdomo wenzake wanaangua kicheko. Mimi ndiye niliyemwashia kipindi hicho, nikidhani kwa kuwa kina hesabu basi kinamfaa.

Tangu siku hiyo naangalia kwanza mhusika anatendewaje na wenzake. Akifumbua fumbo, wanafurahi naye au wanamcheka? Kwa wadogo, Numberblocks, katuni ya Uingereza iliyoanza 2017, ni nzuri mno: namba zenyewe ndizo wahusika, na Nne anajivunia kuwa mraba.

Binti yangu aliiona ya kitoto. Kwake nikageukia visa vya watu halisi, wakati wa kulala. Nilimsimulia Katherine Johnson, mwanahisabati wa NASA, shirika la anga za juu la Marekani, ambaye utotoni alihesabu hatua za kwenda kanisani, hata vyombo alivyoosha. Akainuka kitandani. "Kama mimi?" Kama wewe, mwanangu. Nikamweleza kuwa mwaka 1962, kabla ya kurushwa kuizunguka Dunia, mwanaanga John Glenn alitaka mama huyo ahakiki kwa mkono hesabu za kompyuta. Usiku ule hakulala mapema.

Ila nakusihi, mzazi mwenzangu, usimlishe habari za vipaji vya ajabu tu. Akizoea kusikia za watu waliopata jibu kufumba na kufumbua, siku atakayokwama atajiona si mwenzao. Ndiyo maana nampenda Maryam Mirzakhani wa Iran, mwanamke wa kwanza kupata Medali ya Fields, tuzo kubwa ya wanahisabati, mwaka 2014. Kuna mwaka shuleni hesabu zilimwendea vibaya hadi hamu ikamtoka. Ukubwani alikuwa akitandaza karatasi kubwa sakafuni, anachora, anachora tena, na bintiye mdogo akaamini kazi ya mama ni kuchora picha.

Hicho ndicho kisa ninachoombwa kukirudia. Juzi nimemkuta kalala kifudifudi sakafuni juu ya karatasi iliyojaa pembetatu, na rafiki yake kando amemshikia rula.