Taya la mtoto limevimba: Bugando au Dar? Jibu la mzazi aliyepita hapo

Mkuu, pole sana. Kwa nilivyokuelewa, mpwa wako ana miaka 6, yuko Nansio, kisiwani Ukerewe, na mama yake, taya la kulia limevimba wiki ya tatu sasa, meno ya upande huo yanacheza, na hospitali ya wilaya wameshaandika rufaa ya kwenda Bugando, hospitali ya rufaa iliyopo Mwanza. Wewe unauliza kama Bugando kuna vifaa vya watoto, au ndugu wachange muende Dar moja kwa moja. Wengi waliotangulia wamekushauri Dar. Mimi nasema panda boti ya kesho asubuhi, mshuke Mwanza, muende Bugando. Nitaeleza kwa nini, na itakuwa ndefu kidogo.

Mimi si daktari. Ni fundi seremala, kwetu ni upande wa Sengerema, na nina mapacha, Kulwa na Doto. Kulwa aliugua saratani inayovimbisha taya, akatibiwa Bugando. Mwaka 2017 walikuwa na miaka 5 na miezi kadhaa. Kulwa akaanza kulalamika jino. Tukampeleka kituo kimoja cha afya, sikitaji jina, wakamng'oa magego mawili na kumpa dawa ya maji ya chupa. Aliyetoa dawa hakumpima uzito. Alimwangalia tu, akasema "huyu kilo kumi na nane", akaandika. Kama mtu anayekadiria mbuzi mnadani. Siku ile sikuona ubaya wowote, hata nilifurahi kwamba hatukukaa foleni.

Wiki moja baadaye shavu likawa limejaa, gumu, halina joto la jipu. Mzee mmoja akasema ni kitu cha kuchanjwa, nami nikakubali. Nilikuwepo wembe ulipopita. Hilo sitamsingizia mtu. Wiki ya tatu jicho la upande ule likaanza kusukumwa juu, na mama Kulwa akaniambia yeye anaondoka na mtoto alfajiri, mimi nibaki na huyo mzee wangu kama napenda.

Enzi hizo hapakuwa na daraja. Tulikaa Busisi kusubiri kivuko, mtoto kajifunika kanga usoni kwa sababu watu walikuwa wanamshangaa. Siku hizi daraja la Kigongo–Busisi limefunguliwa, tangu Juni 2025, zile kilometa 3 za maji unazivuka kwa dakika chache, na kila nikipita naikumbuka ile foleni. Ninyi wa Ukerewe bado mnategemea maji, kwa hiyo angalieni ratiba ya boti leo hii, msije mkaikosa ya asubuhi.

Sasa suala la Bugando lenyewe. Usitegemee kukuta hospitali ya watoto peke yao. Ni hospitali ya rufaa ya kanda nzima ya Ziwa, ipo pale mlimani tangu 1971, inapokea watu wazima na watoto, ina chuo kikuu cha madaktari hapo hapo. Ndani yake ipo idara ya watoto, na madaktari bingwa wa watoto, na saratani za watoto wanazitibu. Ukiambiwa "vifaa" usiwaze jengo wala rangi ya ukuta. Kifaa cha kwanza nilichokiona mimi ni mizani.

Sista alimvua Kulwa sweta, akamvua viatu, akampandisha. Kilo 14. Nikamwambia sista mbona kule walisema 18. Akauliza nani alisema, kwa mizani gani? Nikanyamaza. Pacha wake nyumbani ndiye aliyekuwa na kilo 18 kliniki. Kisha wakamsimamisha ukutani wakampima urefu. Hapo mimi fundi nikashindwa kuvumilia, nikauliza mnamshonea sare? Daktari akacheka, akanieleza: dawa za saratani hazipigwi kwa kukisia wala kwa umri. Wanachukua uzito na urefu, wanapata eneo la ngozi ya mwili mzima, ndipo wanajua miligramu ngapi. Ikizidi inaua, ikipungua uvimbe unarudi. Kila mzunguko wa dawa wakampima upya.

Huo ndio msingi wa vifaa vya watoto, mkuu. Ni udogo. Kanula, ile sindano ya plastiki inayobaki mkononi, ya mtoto mdogo ni ya njano, aliyezidi kidogo ni ya bluu. Dripu inapitia bureti, kile kichupa kirefu chenye mistari, ili maji yasimiminike yote mwilini kwa mara moja. Barakoa ya oksijeni ya mtu mzima kwa mtoto inafunika hadi macho. Kile kidude cha kubana kidoleni kupima oksijeni, cha mkubwa kinachomoka kwenye kidole cha mtoto au kinasoma uongo. Ukiwa na mtoto mgonjwa popote pale, hata zahanati, angalia kama wamempima uzito kabla ya kuandika dawa. Kama hawajampima, omba apimwe. Hawatakuchukia, na wakikuchukia shauri yao.

Nakumbuka sista mwingine akitafuta mshipa. Kulwa mkono wake ulikuwa umebaki ngozi na mifupa, na anapiga mateke. Yule dada hakumkaba. Alichukua glavu mpya, akaipuliza, akaifunga fundo, akaichora macho na mdomo kwa kalamu, vile vidole vitano vikawa nywele. Akampa aishike kwa mkono wa kushoto. Huku kulia anagonga gonga mgongo wa kiganja kwa kidole kimoja, taratibu, mpaka mshipa ukajitokeza kama uzi wa bluu. Akaingia mara moja. Kulwa alilia baada ya kumaliza, siyo wakati wa kudungwa, kwa sababu glavu ilipasuka.

Vipimo: watachukua kinyama kwenye uvimbe kikaangaliwe kwa hadubini. Watamfanyia ultrasaundi ya tumbo, maana ugonjwa huu hupenda kujificha tumboni pia. Watapima damu, malaria, na VVU. Hicho cha mwisho dada yako asishtuke wala asione kasingiziwa, ni utaratibu. Watamtoboa mgongo kwa sindano kuchukua maji ya uti, na mara nyingi dawa nyingine inawekwa hapo hapo. Hiki ndicho kipimo ambacho ndugu huja kuwatorosha wagonjwa wakisema mtoto atapooza. Kulwa wangu alitobolewa zaidi ya mara moja na leo anakimbia kuliko mimi.

Kwa Kulwa jibu lilikuwa saratani inaitwa Burkitt. Sisemi mpwa wako anayo. Jino bovu nalo linavimbisha taya, na jipu pia. Lakini kwa mtoto wa huku kwetu ziwani, taya kuvimba na meno kucheza bila kuoza ni lazima huu ugonjwa ufikiriwe mapema. Jina ni la Denis Burkitt, daktari wa upasuaji aliyekuwa Mulago, Kampala, ng'ambo ya ziwa hili hili. Aliandika habari zake 1958. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walipanda gari kuukuu wakazunguka hospitali baada ya hospitali kutoka Uganda kushuka kusini, wakiuliza kila mahali: mmewahi kuona mtoto wa taya hivi? Walipochora ramani ikaonekana unafuata maeneo ya joto na mvua, yaani kule kule kwenye mbu wa malaria. Baadaye wakajua kuna na kirusi ndani yake, Epstein-Barr, ambacho karibu watoto wote huku wanakipata wakiwa wadogo bila hata kuugua. Malaria ya kujirudia ikikutana nacho, baadhi ya watoto wachache huangukia humo. Daktari alinifafanulia hivyo, nikapumua, kwa sababu nyumbani walikuwa wameshamtafuta mchawi na walikuwa wameshampata.

Jambo ambalo ndilo limenifanya niandike yote haya: uvimbe huu ni miongoni mwa ile inayokua haraka kuliko yote ya binadamu. Seli zake zinaweza kuongezeka mara mbili ndani ya siku moja au mbili. Kwa hiyo siku nne za kuchangisha nauli ya Dar, safari ya zaidi ya kilometa 1,000, na kuanza kutafuta mwenyeji Mbagala, siyo siku nne za kawaida. Lakini kasi hiyo hiyo ndiyo inayoufanya usikie dawa vizuri. Muhimbili wana wodi ya saratani za watoto na wanasifika, sipingi. Ikihitajika kwenda huko, madaktari wa Bugando ndio watakaokuandikia, mtoto akiwa ameshaanza kushughulikiwa.

Matibabu yake ni dawa za dripu, siyo kukata taya. Kabla ya dawa walimwekea maji mengi sana, mchana na usiku, na mama yake akapewa jagi la kupimia mkojo. Kila akikojoa anapima, anaandika. Sababu ni kwamba uvimbe ukivunjika kwa ghafla, takataka zake zote zinakwenda kwenye figo. Mama Kulwa darasa lake ni la saba, lakini lile daftari la mkojo alilijaza kwa saa na dakika, hata daktari wa raundi akaanza kulisoma kabla ya faili. Siku ya nne jicho likarudi mahali pake. Siku ya sita akaomba samaki.

Kula ndiko kulikotutesa baadaye. Mdomo ulitoka vidonda, bibi yake akatuma michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, toka nyumbani, mtoto anaitamani na hawezi kutafuna. Tukakaa kwenye uji wa karanga na kusukutua kwa maji ya chumvi. Nywele zilikatika, zikaota tena.

Hapa msome kwa makini. Kati ya mzunguko na mzunguko mnaweza kuruhusiwa. Mtoto akichemka mwili akiwa kwenye dawa hizi, hata usiku wa manane, msimpe panadol mkasubiri asubuhi. Chembe nyeupe za damu zinakuwa zimeshuka, homa kidogo inageuka kifo ndani ya saa chache. Kwa mtu wa Ukerewe hii ina maana moja: msirudi kisiwani katikati ya matibabu. Tafuteni ndugu, au mtu wa kanisani, au chumba cha bei ndogo Igogo au Mkuyuni, mkae karibu. Sisi tulikaa kwa shemeji Igogo, tukamchosha, na bado tunashukuru.

Kosa la pili nusura tulifanye sisi. Baada ya mzunguko wa tatu shavu lilikuwa limelingana kabisa na la Doto. Pesa zimeisha, benchi langu la kazi limelala, mama mkwe anasema mtoto kapona mnamtesa bure. Nilikuwa nimeshafunga mizigo. Yule yule sista wa glavu akaniita pembeni, akaniambia baba Kulwa, tusichokiona bado kipo, ugonjwa ukirudi mara ya pili dawa hizi haziushiki tena kama mwanzo. Nikafungua mizigo. Nikauza randa yangu ya umeme.

Pesa sasa. Kwa sera ya nchi watoto chini ya miaka 5 wamesamehewa malipo kwenye vituo vya serikali. Wetu alikuwa amepita miezi tu, na mpwa wako ameshapita. Msirudi nyuma kwa sababu hiyo. Ulizeni dirisha la ustawi wa jamii siku ya kwanza kabisa, siyo siku ya kuruhusiwa deni likiwa limeshapanda. Mkitoka Nansio pitieni kwa mtendaji wa kijiji mpate barua ya kuonyesha hali ya familia, inasaidia sana pale dirishani. Kama kuna bima yoyote ya baba au mama, njooni na kadi. Na hata pale matibabu yakisamehewa, nauli, chakula cha mlezi na dawa zinazokosekana vinakula mfuko. Ndugu walio mbali wasitume pole tu. Walio Mwanza waende kuchangia damu, maana itahitajika.

Mzigo: kadi ya kliniki ya mtoto, karatasi zote za huko alikopita, hata ya kung'olewa jino, blanketi, beseni, chupa ya chai, kanga za kutosha, na kitu kimoja cha kuchezea anachokipenda. Mlezi awe mmoja yule yule, asibadilishwe kila wiki kama zamu ya ulinzi, kwa sababu maelekezo yanapotea njiani. Msimwache aliyebaki nyumbani bila habari pia. Doto wetu alikaa wiki mbili akiamini mwenzake amezikwa na tunamficha.

Umeuliza pia kama mtoto ataharibika sura. Kulwa ana miaka 13. Ukimtazama huwezi kujua taya lilikuwa lipi, mpaka acheke: gego moja limeota limepinda.

Hata mkichelewa mkafika Mwanza jioni, msilale kwa ndugu mkisubiri kliniki ya kesho. Nendeni mapokezi ya dharura usiku huo huo, toa barua ya rufaa, na useme wazi: taya limevimba wiki ya tatu, meno yanacheza. Na kabla hamjaondoka Nansio mwambie dada yako asikubali jino lolote ling'olewe.