Mnaouliza kama Wazungu wazima wanacheza na midoli

Tangu nitume ile picha ya dirisha kwenye kundi la familia, maswali hayajakoma. Mdogo wangu kauliza, "Dada, hivi huko watu wazima wanacheza na midoli?" Shangazi naye kasema Krismasi ya huku lazima iwe raha tupu, maana taa zote zile haziwezi kuwashwa bure. Nimetoka zamu ya usiku na usingizi haujaja, basi niwajibu wote kwa pamoja, na niwajibu kweli.

Picha ile niliipiga hapa Chemnitz, mashariki mwa Ujerumani, kwenye nyumba ya wazee ninayofanyia kazi. Wale wanasesere watatu wa mti walioshika mishumaa ni malaika mmoja na wachimba madini wawili. Desturi ya huku, familia huweka dirishani mchimba madini mmoja kwa kila mtoto wa kiume, na malaika mmoja kwa kila mtoto wa kike. Mpita njia anajua watoto wa nyumba ile bila kubisha hodi. Bibi mwenye chumba kile alizaa watatu. Kijana wake mmoja alishafariki, lakini mchimbaji wake anawekwa dirishani kila mwaka pamoja na wenzake. Mimi ndiye ninayempandisha, kwa sababu mikono ya bibi inatetemeka. Ananielekeza: sogeza kushoto kidogo, asimzibe dada yake. Mdogo wangu, huo si mchezo.

Kwa nini mchimba madini? Kusini mwa mji huu iko safu ya milima iitwayo Erzgebirge, maana yake Milima ya Madini, mpakani na Ucheki. Fedha ilianza kuchimbwa huko karne ya 12. Mwezi wa Desemba jua la huku linatua kama saa kumi jioni na halichomozi mpaka karibu saa mbili asubuhi. Sasa mfikirieni mtu anayeingia shimoni alfajiri akiwa na kitaa chake, akitoka juu nako kumeshakuwa giza. Siku nyingi za majira ya baridi halioni jua kabisa. Nyumbani kwake mshumaa dirishani ulikuwa na maana ambayo sisi wa Tanga, tunaokimbilia kivuli, inatubidi tuelezwe. Mpaka leo, kuanzia majilio, yaani zile wiki za kungoja Krismasi, karibu kila dirisha la milima hiyo lina upinde wa taa, wanauita Schwibbogen, na watu hawauondoi upesi Krismasi ikipita.

Madini yalipopungua, watu wakashika kazi ya mti. Kijiji cha Seiffen ndicho kilichojulikana zaidi. Nilikwenda mwaka jana nikasimama kumtazama fundi akikereza mpaka miguu ikafa ganzi. Anakereza pete nene ya mti, ukiitazama haina umbo la kitu chochote. Halafu anaipasua vipande kama mtu anayekata keki, na kila kipande kinatoka mnyama: farasi, ng'ombe, tembo. Nilishika mdomo. Lakini ufundi ule ulitokana na shida. Ilibidi wanyama wengi watoke haraka ili wauzwe rahisi, na nyumba nzima ilifanya kazi hiyo, watoto wakiwemo. Hata wale askari na wafalme wenye meno makubwa ya kubanjia kokwa, ambao fundi Wilhelm Füchtner wa Seiffen alianza kuwatengeneza hivyo karibu na mwaka 1870, watu wa huku wanasema walichongwa ili wakubwa nao wawafanyie kazi wanyonge. Siku hizi mmoja wa mkono wa fundi anaweza kupita euro 100, kwa hiyo msiniagizie.

Sasa shangazi, kuhusu raha.

Mwaka wangu wa kwanza sikujua kwamba tarehe 24 maduka yanafungwa saa nane mchana, na tarehe 25 na 26 zote ni sikukuu. Nilitoka kazini jioni nikakuta mji umefungwa. Chumbani nilikuwa na mkate na chai. Nikatoka kutembea ili nisilie, na mtaa mzima ulikuwa unawaka: nyota, pinde za taa, malaika, kila dirisha. Barabarani hakuna mtu. Kwetu mlango uliofunguka ni karibu, na siku ya sikukuu sahani zinazunguka nyumba hadi nyumba. Huku taa ya dirishani haimaanishi uingie. Mtu hukualika wiki kadhaa kabla, na asipokualika si kwamba anakuchukia. Hilo lilinichukua muda mrefu kulielewa, na liliniuma, siwafichi. Anayewaambia Krismasi ya ughaibuni ni sinema tupu, muulizeni alikuwa na nani.

Mwaka wa pili mwenzangu wa kazini alinialika kwao. Chakula cha usiku ule ni saladi ya viazi na soseji, basi, wala hakuna aliyeona haya kuwa ni kidogo. Baada ya kula, baba mwenye nyumba alileta mwanasesere wa mti, mzee mwenye kiko mdomoni. Akamgawanya kiunoni, akaweka ndani kitu cheusi chenye ncha kinachofuka, akamrudishia kiwiliwili. Moshi ukaanza kutoka mdomoni. Kumbe ni chetezo! Chetezo chenye sura ya mtu. Na harufu iliponifikia nilishindwa kuzungumza, maana ndani ya kile kitu cheusi mlikuwa na unga wa makaa na ubani. Ubani huuhuu unaotoka Somalia na Ethiopia, uliokuwa unatufikia kutoka kwa majirani kila Alhamisi jioni, mama anatuita tuingie ndani. Nilikuwa nimekaa kwenye nchi ya theluji, mbele ya mzee wa mti, nikasikia sauti ya mama.

Niliwaeleza. Wakanyamaza, kisha yule baba akawasha kingine.

Nilimsimulia bibi wa dirishani habari hiyo. Ana miaka zaidi ya 80, amefukiza vile vitu tangu utoto, lakini ubani wenyewe, zile punje za utomvu, hajawahi kuzishika. Kwa hiyo mama, akipatikana mtu anayesafiri kabla ya Desemba, naomba unifungie ubani kidogo kwenye karatasi. Zamu ya tarehe 24 ni yangu, nimeshaikubali. Nitampelekea chumbani tukishamaliza kupanga watoto wake.