Dalali wa nyumba kuposti mambo yake binafsi

Ruksa, ila kwa kiasi. Mteja wa Dar anampa dalali kodi ya mwezi mzima, na mwenye nyumba naye anataka miezi sita mbele, kwa hiyo mteja lazima kwanza ajue anashughulika na mtu wa kweli. Nilipohamia Tabata nilimwamini dalali aliyekuwa akichanganya mchicha wake wa uani na picha za vyumba na fremu. Matapeli wengi wana picha za nyumba tu, tena za kudokoa kwa wenzao. Siasa na ugomvi wa ndoa aviweke kando. Na picha ya mteja akikabidhiwa funguo aiombee ruhusa, kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu 2022.