Kipimo kilikaa juu ya kabati siku tisa

Kwa miaka mingi, mke wangu akiniuliza nitapima lini virusi vya UKIMWI, jibu langu lilikuwa moja: "Mama Neema, si wewe umepimwa kliniki? Ukiwa sawa, nami niko sawa." Nimelisikia jibu hilo kwenye matatu, kwa kinyozi na kazini, na kila anayelitoa analiamini kabisa. Si kweli. Watu wanaweza kuishi pamoja miaka na kuzaa watoto, mmoja ana virusi na mwenzake hana. Majibu ya mkeo ni ya damu ya mkeo.

Mimba ya pili, muuguzi alimpa mke wangu kipimo cha kujipima nyumbani aniletee. Vipimo hivi serikali ya Kenya ilivizindua mwaka 2017. Mama Neema hakunihubiria. Alikiweka juu ya kabati, kando ya mafuta ya mtoto, akasema, "Baba Neema, ukiwa tayari." Angenisukuma, ningekataa hadi leo. (Hata sheria yetu ya mwaka 2006 inakataza mtu kulazimishwa kupimwa.) Siku tisa nilikuwa nikikipita. Kilichonisogeza ni jambo aliloambiwa kliniki, akanisimulia tukila: mama akiambukizwa akiwa mjamzito au akinyonyesha, hatari ya kumwambukiza mtoto huwa kubwa sana.

Nilijipima usiku, Neema amelala, redio ya jirani ikisikika ukutani. Sikula wala kunywa kitu robo saa kabla. Nilipitisha kijiti kwenye ufizi wa juu mara moja, wa chini mara moja, nikakitumbukiza kwenye kichupa. Kinachotafutwa hapo si virusi vyenyewe bali kingamwili, yaani kinga ambazo mwili hutengeneza kupambana na virusi, kwa hiyo usidhani mate yanaambukiza. Wekundu ukaanza kupanda polepole kwenye kidirisha. Dakika ishirini. Nilikuwa nimepanga kukaa peke yangu, lakini ya tano tu ilipofika nikamwita mke wangu aketi nami. Nakusihi, kabla hujafungua pakiti, jua ni nani utamwita.

Mstari mmoja ulitokea, penye herufi C. Maana yake hakijaona kitu. Mistari miwili, hata wa pili ukiwa hafifu, si hukumu: nenda kituo cha afya upimwe tena kwa damu, na ikithibitishwa, dawa hutolewa bure katika vituo vya serikali. Ukizinywa vizuri hadi virusi visionekane kwenye vipimo, humwambukizi mwenzako kwa ngono. Mstari wa C usipotokea, kipimo kimeharibika. Usisome kabla ya dakika ishirini wala baada ya arobaini.

Kuna wasiofaa kukitumia. Aliye tayari kwenye ARV, zile dawa za kudhibiti virusi, kinaweza kumdanganya. Na kama hatari ilitokea jana au juzi, achana na kijiti, kimbilia hospitali kabla ya saa 72 kwisha uulizie dawa za kuzuia maambukizi. Kijiti hakiwezi kuona kitu mapema hivyo.

Kwa sababu hiyo nilirudia baada ya miezi mitatu. Safari hii nilienda mwenyewe duka la dawa. Muuzaji alikitia kwenye bahasha ya kaki, akanirudishia chenji, akamgeukia mteja mwingine. Nilikuwa nimenunua viwili. Cha pili nilimpa shemeji yangu Jumapili alipotutembelea, nikamwambia kikae tu juu ya kabati lake.