Maswali ya kazini: rangi, cheo na simu ya binamu

*Nimezaliwa Upanga, Dar es Salaam, na baba yangu pia. Nikikosoa jambo ofisini naambiwa nirudi kwetu India. Nifanyeje?*

Kwenu ni Upanga. Mjadala huu ni wa zamani kuliko bosi wako: mwaka 1961 wapo wabunge waliotaka uraia ufuate rangi, Nyerere akasimama akawapinga. Baadaye Amir Jamal, mzaliwa wa Mwanza mwenye asili ya India, akakabidhiwa Wizara ya Fedha, wala bajeti hakwenda kuisomea Bombay. Andika tarehe, maneno yaliyosemwa na aliyesikia, peleka barua kwa afisa rasilimali watu, ubaki na nakala iliyogongwa muhuri. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakataza ubaguzi wa rangi, kabila na asili. Ila siku ukipewa umeneja, mlinzi mwenye wajukuu usimwite "boi". Hilo nalo nimelisikia Upanga hiyohiyo.

*Mkurugenzi wetu ni Mzungu. Kumwita "mzungu" ni kosa?*

Ana jina.

*Vikao vya wakubwa vinaendeshwa kwa Kigujarati.*

Dai muhtasari wa maandishi kwa Kiswahili kwa kila uamuzi unaokugusa. Na nyie mnaomwaga Kihaya mezani huku binti wa Kizaramo anatazama sahani yake, msijifanye swali hili haliwahusu.

*Meneja mgeni analipwa mara nne yangu. Huu si ubaguzi?*

Mshahara peke yake hauthibitishi kitu. Achana na ngozi yake, uliza kibali chake. Kwa sheria ya ajira za wageni ya 2015, kibali kwa kawaida ni cha miaka 2, kuhuishwa kwake kuna kikomo, na mwajiri anatakiwa awe na mpango wa Mtanzania atakayeirithi kazi hiyo. Jina gani limeandikwa humo? Kama ni lako na mwaka wa tatu huu hujafundishwa lolote zaidi ya kumbebea laptopu, hapo sasa una hoja.

*Tunaandaa semina ya ujumuishi. Tupendekezee mada.*

Semina tena! Hotelini, fulana za rangi moja, picha ya pamoja. Jumatatu nafasi inajazwa kwa simu ya binamu. Mada yangu ni moja: nafasi tano za mwisho zilitangazwa wapi, na nani alijua kabla ya tangazo? Wakubwa wajibu mbele ya watu. Wengi wetu weusi tunaolalamikia Wahindi tungetoka jasho hapo, maana idara nzima tumeijaza watu wa kijijini kwetu. Halafu muulize bosi kama ule mpango wa usawa ambao sheria inamtaka ausajili kwa Kamishna wa Kazi upo, au upo kwenye fulana.

*Niliachishwa kazi mwezi wa pili kwa sababu ya kabila langu. Naweza kwenda CMA, ile Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ya migogoro ya kazi?*

Mwezi wa pili wa mwaka gani? Kila wiki naandikiwa hivi, bila tarehe wala barua ya kuachishwa. Mgogoro wa kuachishwa unapelekwa CMA ndani ya siku 30. Zikipita, unaomba kwanza ukubaliwe kuchelewa, na "nilikuwa nasubiri wanipigie" si sababu. Nenda kesho asubuhi.